Siku mbili na nusu Lisbon na mama mwenye magoti mabovu: basi la watalii au nauli ya tramu?

*"Habari za kazi kaka. Mimi ni nesi, naishi Hamburg. Mama yangu, miaka 68, amekuja kutoka Tanga kunitembelea, na nimepata tiketi za ndege za bei poa kwenda Lisbon. Tunafika Ijumaa mchana, tunaondoka Jumapili jioni. Chumba nimeshalipia. Kwa matembezi na chakula nimetenga euro 250 kwa sote wawili, basi. Mtandaoni nimeona ziara ya jiji ya euro 85 kwa kichwa, basi la ghorofa lililo wazi juu kama euro 25, kadi ya watalii, na hizo wanazoita 'ziara za bure'. Mama magoti yanamsumbua, na nasikia Lisbon ni milima mitupu. Halafu shoga yangu kaniambia mama anahitaji viza nyingine ya Ureno, eti aliyonayo ni ya Ujerumani. Naogopa kutupa hela, lakini naogopa zaidi mama arudi Tanga akasimulie kwamba alikaa ndani ya basi siku mbili. Tufanyeje?"*

Dada yangu, mpe mama shikamoo yangu kwanza. Halafu tulimalize la viza, maana hilo ndilo linaloweza kuivunja safari nzima.

Shoga yako kakosea. Viza ya Schengen aliyopewa mama na Ujerumani inamruhusu kuingia Ureno pia, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika eneo hilohilo. Hata kama ni ya kuingia mara moja tu, kutoka Hamburg kwenda Lisbon hakuhesabiwi kuwa ni kutoka na kuingia upya. Angalia mambo mawili. Kwanza, hesabu ya siku alizopewa isimalizike mkiwa huko. Pili, kama tiketi hiyo ya bei poa inapitia London, simama hapohapo: Uingereza haimo Schengen, na ukaguzi wa mpaka ukiwapo kati, viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Mama abebe pasipoti halisi, picha ya kwenye simu haitoshi. Kama stika ya viza ina maandishi usiyoyaelewa, ipeleke ofisi ya wageni ya hapo Hamburg waisome kwa macho yao. Mimi ni mwongoza watalii, si afisa uhamiaji.

Sasa hela. Ukiisoma hesabu yako vizuri utaona kinachokutisha si umaskini wa euro 250. Unachoogopa ni kulipia kitu kisha ukakuta hukukihitaji. Na kweli biashara ya ziara za jiji imejengwa hapo. Ile ya euro 85 ina vitu vitatu vilivyofungwa pamoja kama kifurushi cha sikukuu: usafiri, viingilio, na mtu wa kukueleza unachokiona. Usafiri wa Lisbon ni rahisi mno. Viingilio vingi hamtavihitaji, kwa sababu uzuri wa mji ule uko nje: barabarani, mtoni na kwenye roshani za vilimani wanazoziita *miradouro*, ambazo hazina tiketi. Kinachobaki ni maelezo, na hayo ndiyo yanayostahili hela. Fungua kifurushi, nunua kimoja kimoja.

Tuanze na basi la wazi juu, maana ndilo linalowavuta wenye magoti mabovu. Katika miji iliyo tambarare na yenye barabara pana nalitetea. Lisbon ni hadithi nyingine. Sehemu ambayo kila mtu anataka kuiona ni Alfama, mtaa wa vichochoro unaopanda kutoka mtoni hadi kwenye ngome. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, *al-hamma*, chemchemi ya maji moto, ndugu na hammamu tunayoijua sisi watu wa pwani. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliubomoa mji wa chini wote, ila Alfama kwa sehemu kubwa ilisalimika kwa kuwa imekaa juu ya mwamba, ndiyo maana vichochoro vyake ni vya enzi za Waislamu, kabla Wakristo hawajauteka mji mwaka 1147. Basi la ghorofa litapitaje humo? Linazunguka pembeni, linakushusha chini, na mlima unabaki wa magoti ya mama yuleyule. Mwenyewe niliwahi kununua tiketi hiyo saa kumi alasiri kwa mpigadebe mmoja mwenye tabasamu zuri. Hakuniambia kuwa basi la mwisho lilikuwa karibu kuondoka. Nilikaa kituoni dakika arobaini, nikapanda, nikazungushwa nusu saa, nikashushwa. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza.

"Ziara ya bure" nayo ina siri yake, na si siri mbaya. Mnakusanyika uwanjani chini ya mwavuli wa rangi kali, mnatembezwa saa mbili na nusu au tatu, mwisho mnatoa bahshishi. Wengi hawajui kwamba katika makampuni mengi ya namna hiyo mwongozaji hana mshahara. Yeye ndiye anayeilipa kampuni, kiasi fulani kwa kila kichwa alichokipokea. Ukiona anapiga picha ya kundi mwanzoni kabla hajasema neno la maana, si kumbukumbu ya mapenzi, ni hesabu ya vichwa. Kwa hiyo anayeondoka kimyakimya bila kutoa kitu amemtia mtu hasara ya mfukoni. Kawaida ya heshima ni euro 10 hadi 15 kwa mtu. Ungekuwa peke yako ningekwambia nenda bila kusita, kwa sababu wengi wao ni wasimulizi hodari. Lakini saa tatu kwa miguu, juu ya yale mawe madogo yaliyong'arishwa na nyayo za watu, na mama wa miaka 68? Hapana. Mawe yale yakipata manyunyu huteleza kama sakafu iliyomwagikiwa mafuta, na hilo naliweka akilini hata nikiwa na vijana.

Kadi ya watalii, *Lisboa Card*, si utapeli. Ni hesabu tu. Ya saa 24 inacheza kwenye euro 30 hivi, nayo inajumuisha usafiri wa mjini, treni za kwenda miji jirani ya Sintra na Cascais, na viingilio vya sehemu kadhaa za serikali. Inalipa kama ndani ya saa hizo 24 utaingia sehemu mbili tatu za kulipia na bado upande treni. Anayekimbia mbio za makumbusho aichukue. Ninyi mtakaa, mtakunywa kahawa, mama atataka kupumzisha mguu. Kumbuka pia kwamba mwenye miaka 65 na zaidi hupata punguzo kwenye sehemu nyingi za kulipia, mara nyingi nusu bei, mradi aonyeshe pasipoti. Kwenye kadi faida hiyo yake inayeyuka. Na kama umesoma mahali kwamba makumbusho za Ureno ni bure Jumapili, hayo ni ya zamani. Siku hizi nafuu hiyo ni ya wakazi wa Ureno.

Basi mimi ningefanya hivi.

Uwanja wa ndege umo ndani ya mji, na treni ya chini ya ardhi inaanzia hapohapo. Kwenye mashine nunua kadi mbili za *Navegante*, senti 50 kila moja. Kila mtu lazima awe na yake. Mkigonga kadi moja watu wawili mkaguzi hatawaelewa. Jazeni tiketi ya saa 24, inayogharimu euro 7 na senti kadhaa. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa pale mnapogonga mara ya kwanza, wala haziishi usiku wa manane, kwa hiyo mkigonga Ijumaa saa saba mchana mnaendelea mpaka Jumamosi saa saba. Mkajaze tena, mtafika Jumapili mchana. Inapanda treni ya chini ya ardhi, mabasi na tramu, pamoja na ile ya manjano namba 28 iliyo kwenye kila postikadi. Nauli ya mkononi kwa dereva wa tramu ni zaidi ya euro 3 kwa safari moja, kwa hiyo hesabu yenyewe inajieleza. Usafiri wenu wote, na kurudi uwanjani, hautazidi euro 40 kwa wawili.

Ijumaa mchana msiende mbali. Shukeni Baixa-Chiado, na hapa nikupe zawadi ya magoti: kituo hicho kina mlango mmoja mji wa chini na mwingine mtaa wa Chiado huko juu, na kati yake kuna ngazi za umeme ndefu ambazo hazipiti kwenye geti la tiketi. Wenyeji huzitumia kama lifti ya mlima, bure kabisa. Juu, hatua chache tu, kuna kanisa la Carmo ambalo paa lake liliporomoka mwaka 1755 na halikurudishwa. Matao yamebaki yamesimama wima chini ya anga. Lile tetemeko ambalo mwongozaji angewaeleza kwa robo saa, mama ataliona kwa macho. Kuna lifti nyingine ya bure mtaa wa Fanqueiros, mjini chini, ndani ya jengo ambalo ukipita haraka hulioni. Ukitokea juu unavuka uwanja mdogo, unaingia jengo lenye supamaketi, na humo kuna lifti ya pili inayokuacha karibu na njia ya ngomeni. Kuna siku hugoma, na siku hiyo basi dogo namba 737 kutoka Praça da Figueira linafika mpaka ngomeni kwenyewe. Zile reli za kale za kupandia vilima, usizipangie chochote kabla ya kuuliza. Tangu ajali ya reli ya Glória ya tarehe 3 Septemba 2025, iliyoua watu 16, huduma hizo zilisimamishwa ili zikaguliwe.

Jioni teremkeni Largo de São Domingos. Ni uwanja mdogo ambapo watu wa Guinea-Bissau na Waafrika wengine hukutana, wanauza kola na karanga, wanazungumza kwa sauti ya nyumbani. Mama ataketi hapo kwa raha kuliko anavyoketi popote Ulaya.

Jumamosi ndiyo siku yenu kubwa, na hapa ndipo nina ugomvi na ziara zote za jiji nizijuazo, za bei na za bure. Zinakupeleka mtaa wa Belém, zinakuonyesha alipozikwa Vasco da Gama, zinakupa dakika ishirini za keki, zinakurudisha. Hakuna hata moja inayomwambia mtu wa Tanga kuwa kuna kipande cha Kilwa mjini humo. Kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes, kuna chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém. Da Gama, katika safari yake ya pili, alifika Kilwa mwaka 1502 na mizinga yake, akamlazimisha Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala pale, kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Ile dhahabu, iliyokuwa imefika Kilwa kwa biashara ya Sofala, Msumbiji ya leo, mfalme Manuel aliagiza ifuliwe chombo cha monasteri yake ya Belém. Kikakamilika mwaka 1506. Na mwaka mmoja kabla hakijakamilika, 1505, meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilikuwa zimeshaivamia Kilwa na Mombasa zote mbili.

Sogeeni karibu na kioo. Katikati wamepiga magoti mitume 12, kila mmoja mdogo kuliko kidole, sura zao zimetiwa rangi, hata mikunjo ya kanzu unaiona. Kisha mama ainame kidogo tu atazame maandishi yanayozunguka tako la chombo. Ni Kireno cha kale, lakini neno moja atalisoma bila mkalimani: *Quiloa*. Nimewapeleka watu wengi pale. Kuna mzee mmoja wa Lindi alisimama mbele ya kioo kile muda mrefu hajasema kitu, mwisho akauliza, "Risiti walitoa?" Walinzi walitugeukia kwa kicheko chetu.

Kabla ya kwenda, tazama mtandaoni kama makumbusho na ukumbi huo viko wazi, kwa sababu majengo ya kale ya Lisbon huingia matengenezo kila mara. Wekea euro 25 kwa wote wawili. Basi namba 714 kutoka Praça da Figueira hupita hapo na kuendelea Belém. Msipande tramu namba 15 kwa kwenda makumbusho, maana inawaacha chini na ngazi zinawasubiri. Kutoka makumbusho endeleeni Belém, na sasa kaburi la da Gama litakuwa na maana nyingine. Kanisa la monasteri ya Jerónimos halina kiingilio. Unaolipiwa ni ule ua wa ndani wenye nguzo za nakshi, nao si lazima. Mkiingia kanisani, da Gama amelala kushoto, mshairi Camões kulia. Msiahirishe mpaka Jumapili, kwa sababu asubuhi kuna misa na wageni huzuiwa. Keki za *Pastéis de Belém*, duka lililoanza mwaka 1837, zina foleni nje ya mlango. Foleni ile ni ya wanaobeba. Ingieni ndani mkatafute meza, vyumba ni vingi, mama apumzike.

Jumapili asubuhi, hapo ndipo nitakushangaza. Kodi bajaji. Ndiyo, bajaji ya magurudumu matatu, ileile, ila huku ni ya umeme na dereva ni mwongozaji. Kwa saa moja huomba euro 50 hadi 80 kwa chombo kizima. Najua inauma ukifikiria nauli ya kutoka stendi ya Tanga hadi Raskazone. Lakini pima: mabasi ya wazi yangewatoa euro 50 kwa wawili na yasingeingia Alfama. Bajaji inakaribia sehemu kubwa ya vichochoro, ingawa baadhi ya mitaa jiji limewafungia, inasimama kwenye roshani ya Portas do Sol na ile ya juu kabisa, Senhora do Monte, na mna mtu wa kumuuliza maswali. Hiyo ndiyo hela ya maelezo niliyokuambia. Nenda mapema, kwenye saa tatu, madereva wakiwa bado hawajapata wateja. Patana kabla ya kukaa: bei ni ya chombo si ya kichwa, muda ni dakika 60 za safari, na mtasimama wapi. Mpigapicha awe wewe, si dereva, mpaka umemzoea.

Ukiona euro 60 ni nyingi, tramu namba 28 ni mbadala wa kweli, kwa sharti moja. Usiipandie Martim Moniz ambako foleni huzunguka uwanja. Nendeni mwisho wa pili, Campo de Ourique, kwenye makaburi ya Prazeres, kabla ya saa tatu asubuhi. Hapo mtapata viti vya mbao dirishani. Baadaye mchana gari lile hujaa hadi mlangoni na vibaka ndipo wanapofanyia kazi: wanasubiri ule msukumano wa kupanda, mmoja anakuzuia mbele kama aliyekosea tramu, mwingine yuko nyuma ya mkoba wako. Mkoba wa mama uwe kifuani, chini ya mtandio.

Kabla ya kwenda uwanjani malizeni na safari ya boti. Msinunue ya watalii. Nendeni Cais do Sodré mpande kivuko cha abiria cha kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto Tejo; kadi ileile ikishaisha saa zake mnaijaza nauli, haifiki euro 2, na safari ni kama dakika kumi. Mama atasema ni Kigamboni. Na ni Kigamboni kweli, watu wanarudi na mifuko ya sokoni, ila mbele yako kuna mji wote umepanda vilima na kushoto daraja jekundu la 25 de Abril.

Chakula nipite haraka. Mchana tafuteni *prato do dia*, chakula cha siku, euro 10 hivi, kwenye mgahawa ambao wenye kofia za ujenzi wanaingia. Mkate, zeituni na jibini vikiletwa mezani kabla hamjaagiza, si karibu mgeni. Mkivigusa vinaandikwa kwenye bili. Sema *não, obrigada* virudishwe, hakuna atakayenuna. Mtaa wa Mouraria kuna migahawa ya Wabangladeshi yenye nyama ya halali, na sambusa mtaziona kila kona kwa jina la *chamuça*. Tengeni pia kodi ya wageni ya jiji, euro 4 kwa mtu kwa usiku, jumla euro 16 kwenu. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipia chumba, hudaiwa mezani mkifika. Ukijumlisha hiyo na usafiri, bajaji ya euro 60 na makumbusho, unabakiwa na euro 110 hivi za kula.

Nimeiacha Sintra makusudi. Ni nzuri, treni yake kutoka Rossio ni rahisi, lakini ni siku nzima ya vilima na foleni, na ninyi mna siku moja tu iliyokamilika.

Kuna mambo ambayo hayajibiwi kwa maandishi. Magoti ya mama, mpeleke kwa daktari wake kabla, si kwako wewe nesi uliye binti yake. Aseme kama anaweza kutembea nusu saa mfululizo, na kama hawezi, punguza Ijumaa, usiguse Jumamosi. Mkiibiwa, kuna kituo cha polisi wa watalii ndani ya jengo la Palácio Foz, uwanja wa Restauradores, wanaandika ripoti ambayo bima itaihitaji. Dharura yoyote ni 112. Na leo hii, kabla hujalala, piga simu shirika la ndege uombe kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama, kwenda na kurudi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimu kumhudumia bila malipo hata kwenye tiketi ya bei ya chini kabisa, mradi mmewaarifu saa 48 kabla.